Rafiki (filamu ya 2018)

Rafiki ni filamu ya Kenya iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kutolewa mwaka 2018. Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, mabinti wa wanasiasa wanaowania kiti kimoja. Muda wake haufiki saa moja na nusu. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Ufaransa, nayo ilipigwa marufuku nyumbani siku chache kabla ya kuonyeshwa huko. Kesi iliyofuata ni kati ya mashauri makubwa zaidi kuhusu sanaa, dini na uhuru wa kujieleza yaliyowahi kufika mbele ya mahakama za Kenya. Dada mkubwa wa Rafiki ni filamu ya Fire ya India, iliyozua ghasia za kidini miaka 20 kabla, na ndiyo maana filamu hizo mbili zinaelezwa hapa pamoja.

Kisa kilitokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya mwandishi Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kahiu alikuwa tayari na jina kwa From a Whisper (2008) na Pumzi (2009). Aliuandika mswada pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka nje ya Kenya.

Kena, anayeigizwa na Samantha Mugatsia, ni msichana mpole mwenye alama nzuri za shule na ndoto ndogo ya kuwa muuguzi. Baba yake, John Mwaura (Jimmy Gathu), ana duka na anagombea uwakilishi wa wadi. Mama yake, Mercy (Nini Wacera), ameachika na amejishikiza kanisani. Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, ana nywele za rangi na ni binti wa Peter Okemi, mpinzani wa Mwaura. Ziki ndiye anayemuuliza Kena kwa nini awe muuguzi ilhali anaweza kuwa daktari. Wanakutana ndani ya gari kuukuu lililotelekezwa, maana mtaani kila jicho linawafuata, na jicho kali kuliko yote ni la Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula ambacho umbea wote wa mtaa hupitia.

Nusu ya pili ya filamu ni nzito. Wasichana wanashikwa, umati unawapiga, polisi wanawadhihaki kituoni. Kisha Kena anapelekwa kanisani kukemewa pepo. Mikono inawekwa juu ya kichwa chake, sauti za maombi zinapanda, naye amekaa kimya akingoja wamalize. Kahiu hakuwachora waumini hao kama watu waovu. Mama anayempeleka mwanawe kuombewa anampenda mwanawe, na ndiyo maana onyesho hilo linauma. Ziki anahamishiwa London. Miaka inapita, Kena anakuwa daktari, na mwishoni Ziki anarudi. Mkono unawekwa begani, na filamu inakatika hapo.

Mwisho huo ndio uliozua marufuku. Kwa maelezo ya Kahiu, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, ilimtaka aubadilishe ili wahusika waonekane kujutia walichofanya, naye akakataa. Tarehe 27 Aprili 2018 bodi ikatangaza kwamba filamu hairuhusiwi kuonyeshwa, kuuzwa wala kusambazwa nchini, na kwamba atakayepatikana nayo atakuwa amevunja sheria. Sababu iliyotolewa ni kuwa filamu ilikusudia kuendeleza usagaji, kinyume cha sheria na maadili ya Wakenya. Afisa mkuu wa bodi wakati huo, Ezekiel Mutua, alikuwa ameizungumzia filamu hiyo kwa sifa wiki chache tu kabla.

Bodi ilisimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa ukoloni ukiwa ukingoni. Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 162 kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile inachokiita tendo la kimwili kinyume cha maumbile. Kahiu, aliyekwenda mahakamani kupinga marufuku hiyo, alishika Katiba ya 2010, ibara ya 33, inayolinda uhuru wa kujieleza na kutaja ubunifu wa kisanaa kwa jina. Hoja ya Kahiu ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria ya jinai inaadhibu tendo, na hakuna sheria ya Kenya inayokataza kusimulia kwamba watu wawili walipendana. Hoja hiyo ina nguvu. Filamu za wizi wa benki na za mauaji huonyeshwa kila juma, na hakuna anayesema zimehalalisha wizi au uuaji.

Saa ilikuwa ikienda. Ili Kenya iweze kuipeleka filamu kushindania tuzo za Oscar, ilipaswa kwanza ionyeshwe nyumbani siku saba mfululizo kabla ya mwisho wa Septemba. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima walio tayari waitazame. Alieleza kwamba haamini Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu moja. Ukumbi wa Prestige, Nairobi, ulijaa, watu wakapanga foleni, wengine wakakosa tiketi. Hata hivyo kamati ya Kenya iliipeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina. Mwaka uliofuata Mugatsia alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Mnamo Aprili 2020 Jaji James Makau alitoa uamuzi kamili wa Mahakama Kuu, na ukaenda upande wa bodi.

Waliokwisha kuiona Fire walilitambua sakata hili mapema. Filamu hiyo ya Deepa Mehta, Mhindi anayeishi Kanada, ilionyeshwa Toronto mwaka 1996. Wake wawili wa nyumba moja mjini Delhi, wanaoigizwa na Shabana Azmi na Nandita Das, wameolewa na ndugu wawili. Mume mmoja amejinyima unyumba kwa kumfuata mwalimu wake wa dini, mwingine ana hawara. Wanawake hao wanaliwazana, na faraja inageuka mapenzi. Bodi ya filamu ya India iliipitisha mwaka 1998 bila kukata kipande, kwa watu wazima tu. Iliingia kumbini Novemba, na kwa majuma machache ikaendelea kwa amani. Tarehe 2 Desemba wafuasi wa chama cha Shiv Sena walivamia ukumbi Mumbai, wakavunja vioo, wakachoma mabango. Kesho yake ikawa zamu ya Delhi. Serikali kuu ikairudisha filamu kwa bodi ikaguliwe upya, na Februari 1999 bodi ikaipitisha tena vilevile ilivyokuwa.

Kilichowachoma waandamanaji kuliko yote ni majina. Mehta aliwaita wanawake wake Radha na Sita, majina ya miungu wa kike wa Kihindu, na Sita ndiye mfano mkuu wa mke mwaminifu, aliyepita motoni kuthibitisha usafi wake katika utenzi wa Ramayana. Bal Thackeray, kiongozi wa Shiv Sena, alisema pingamizi lake lingekwisha kama wahusika wangepewa majina ya Kiislamu. Kauli hiyo inafichua mengi. Jambo lililodaiwa kuwa chukizo kwa dini lilikuwa tayari kuvumilika mradi aibu iangukie nyumba ya jirani. Dilip Kumar, nyota ambaye watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki walimjua kwa vizazi, alikuwa kati ya waliokwenda Mahakama ya Juu ya India kuitetea filamu hiyo, na wafuasi wa chama hicho wakaandamana mbele ya nyumba yake wakiwa wamevaa chupi tu. Mehta alipoanza kupiga filamu ya Water huko Varanasi mwaka 2000, mandhari aliyoyajenga yaliharibiwa na kutupwa mtoni. Akaja kuimaliza Sri Lanka miaka kadhaa baadaye.

India, basi, umati ulivunja vioo na taasisi ya serikali ikasimama na filamu. Kenya hapakuwa na umati. Taasisi yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya umati, kwa barua rasmi na kwa jina la waumini ambao wengi wao hawakuwa wameiona filamu.

Mjadala huo wa Kenya haukuishia Nairobi. Mtu wa Itumbe, kwenye vilima vya chai vya Kisii, angelazimika kusafiri mbali kuiona Rafiki katika siku zile saba. Lakini mjadala wenyewe unamhusu moja kwa moja. Gusii, yaani eneo hilo la Kisii, ni nchi ya makanisa: Wakatoliki waliweka misheni Nyabururu na Waadventista Nyanchwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, na hadi leo Sabato ya Jumamosi hubadilisha mwendo wa masoko. Hoja kwamba filamu inakwenda kinyume na Biblia inapata masikio huko, na ni haki ya mwumini kuitoa na kukaa mbali na ukumbi.

Hoja ya pili ya wapinzani, kwamba mila za Kiafrika hazikujua kamwe wanawake wawili chini ya paa moja la ndoa, haiwezi kusemwa Gusii bila wazee kukohoa. Kwa Abagusii, kama kwa Wanandi na Wakuria, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi shamba lake. Ndoa hiyo ilikuwa ya uzazi na urithi, haikuwa ya mapenzi ya kimwili, na si haki kuitumia kana kwamba ilikuwa kitu kile kile anachosimulia Kahiu. Lakini ilikuwepo, ilikuwa na heshima, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, chini ya Jaji Jackton Ojwang, iliitambua katika kesi ya urithi ya familia ya Kinandi. Anayezungumza kwa niaba ya mila anapaswa kuzijua zote, pamoja na zile zinazomsumbua.

Rafiki haikuwa ya kwanza kuzuiwa Kenya kwa sababu hii wala ya mwisho. Stories of Our Lives ilizuiwa mwaka 2014, na I Am Samuel ya Peter Murimi mwaka 2021. Kama kazi ya sanaa ina udhaifu wake: siasa za akina baba zimechorwa kwa haraka, na baadhi ya vijana wa mtaani wamewekwa pale ili wawe wabaya tu. Ubora wake umo katika rangi zake kali za waridi na zambarau, katika uigizaji wa Mugatsia, na katika lile onyesho la kanisani. Bodi ilikuwa na daraja la watu wa miaka 18 na zaidi mkononi. Ingelitumia hilo, ikawaachia watu wazima waamue wenyewe.