Riwaya ya Peni: Jina Lililotungwa na Wasioipenda

Ni karatasi moja iliyokunjwa ikawa kurasa nane. Maandishi madogo yamebanwa katika safu mbili, na juu ya ukurasa wa kwanza pana picha iliyochongwa kwenye ubao: mwanamke aliyezirai, jambazi aliyepanda farasi, mkono wenye kucha ndefu ukipenya dirishani. Bei yake ilikuwa peni moja. Katika London ya miaka ya 1840, kijana wa kiwandani aliyetoa peni hiyo alipata kipande kimoja cha hadithi, nacho hukatika pale pale moyo unapoanza kwenda mbio. Akitaka kujua yaliyojiri, arudi wiki ijayo na peni nyingine.

Waingereza waliziita hadithi hizo penny dreadful. Anayelifasiri jina hilo neno kwa neno ataandika “kitisho cha peni” au “vitabu vya kutisha vya bei rahisi”, na hapo atakuwa amempoteza msomaji wake. Zilizosimulia mizuka na wanyonya damu zilikuwa fungu moja tu. Nyingi zilihusu maharamia, wanyang’anyi wa barabarani, mayatima walionyang’anywa urithi na mapenzi yaliyovunjwa na pesa. Kitisho kilichotajwa katika jina ni hofu ya watu wa tabaka jingine, waliowaona vijana wa kazi wakisoma wasichochaguliwa na mtu.

Bei ndiyo iliyoibadili dunia hiyo ya usomaji. Charles Dickens alipoanza kuitoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836, sehemu moja iliuzwa shilingi moja, yaani peni 12. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizo zilikuwa fedha za kufikiria mara mbili. Mchapishaji mmoja kijana, Edward Lloyd, aliliona pengo hilo. Akatoa The Penny Pickwick, mwigo wa wazi wa kazi ya Dickens, mwandishi wake akijiita Bos ili jina lifanane na Boz, lakabu ya Dickens mwenyewe. Wachapishaji wa Dickens walikwenda mahakamani mwaka 1837, wakashindwa.

Mambo mengine yaliusaidia mkono wa Lloyd. Mashine za kuchapia zilikuwa zimeanza kuendeshwa kwa mvuke, na reli zilisafirisha matoleo hadi miji ya mbali. Shule za Jumapili zilikuwa zimewafundisha watoto wengi wa maskini kusoma, miongo kadhaa kabla ya sheria ya elimu ya mwaka 1870. Kodi ya karatasi nayo ilifutwa mwaka 1861.

Kutoka karakana ya Lloyd ilitoka Varney the Vampire, iliyoendelea tangu 1845 hadi 1847 ikapita sura 200. Humo pia, mwaka 1846, alizaliwa Sweeney Todd, kinyozi wa Fleet Street anayewaua wateja, na nyama yao ikaishia kwenye pai za jirani. Mshindani wa Lloyd, G. W. M. Reynolds, alianza The Mysteries of London mwaka 1844 kwa kufuata nyayo za Mfaransa Eugène Sue, ambaye riwaya yake kuhusu Paris ilitoka gazetini kipande kwa kipande mwaka 1842 na 1843. Reynolds alikuwa mtetezi wa haki ya wafanyakazi kupiga kura. Katika hadithi yake mabwana wakubwa huoza kwa anasa huku mafukara wakifa kwa njaa mitaa michache tu kutoka hapo. Msomaji aliyelipa peni alipata msisimko, na siasa pia.

Wala haikuwa lazima mtu ajue kusoma ili azifuate. Mwandishi wa habari Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya maskini wa London katikati ya karne hiyo, aliwakuta wachuuzi wa mboga na matunda wakikusanyika kumsikiliza mwenzao mmoja aliyejua herufi. Walimkatiza, wakabishana kuhusu wahusika, wakadai waelezwe maana ya picha. Mtu aliyelelewa kwenye baraza la hadithi, pwani au bara, hahitaji kuchorewa mandhari hayo.

Lile neno la kitisho lilienea baadaye, katika nusu ya pili ya karne, wasomaji wengi walipokuwa wavulana. Mwaka 1895 Robert Coombes, mvulana wa miaka 13 wa mashariki mwa London, alimuua mama yake, na hadithi za bei rahisi zilizokutwa nyumbani zikashtakiwa pamoja naye. Magazeti yalitaka zipigwe marufuku. Coombes alifungwa hospitalini miaka mingi, kisha akahamia Australia, na katika Vita Kuu ya Kwanza akabeba majeruhi huko Gallipoli hadi akatunukiwa nishani. Waliozilaumu hadithi hawakuwa na la kusema juu ya sehemu hiyo ya maisha yake.

Kiswahili tayari kina istilahi iliyo karibu: riwaya pendwa. Wahakiki huitumia kwa hadithi za upelelezi, mapenzi na ujasusi, tangu Simu ya Kifo ya Faraj Katalambula ya mwaka 1965 hadi Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, vitabu vilivyosomwa mpaka majalada yakachakaa. Uzuri wa istilahi hiyo ni kwamba humtaja msomaji na upendo wake. Hata hivyo, darasani hutajwa mara nyingi kama kinyume cha riwaya dhati, na hapo dharau ile ile ya London hurudi kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, riwaya pendwa ni jina pana mno: halisemi chochote kuhusu bei wala kuhusu kile kipande cha kila wiki.

Kwa hiyo jina linalofaa ni riwaya ya peni, na utaratibu wa kuitoa uitwe riwaya ya mfululizo. Peni si mgeni Afrika Mashariki; wazee waliiita hivyo sarafu ya senti kumi, ile yenye tundu katikati. Neno la kitisho libaki kwenye maelezo, likielezwa kuwa shutuma ya wakati wake.

Tahadhari moja inabaki kwa mfasiri. Mwaka 1860 kampuni ya Beadle ya New York ilianza kuuza vitabu vidogo vya senti kumi za Marekani, cha kwanza kikiwa Malaeska cha Ann S. Stephens. Kila kimoja kilikuwa hadithi nzima, haikukatwa vipande. Kwa kuwa peni ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa senti kumi, msomaji anaweza kuzichanganya aina hizi mbili. Ya Marekani basi iitwe riwaya ya senti kumi, na jina la riwaya ya peni liachiwe London.