Kivuli cha Theluji

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa kwenda Uchagani, aliona kitu cheupe kiking'aa juu ya mlima mrefu. Akamuuliza kiongozi wa msafara kile ni kitu gani. Kiongozi yule hakuwa na jina la theluji. Alijibu kwa neno moja tu: baridi.

Jibu lilikuwa sahihi, na Rebmann akaelewa mara moja. Waliokataa kuelewa walikuwa mbali. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na ubishi uliendelea hadi msafiri Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima huo, Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaiona mwenyewe. Picha moja ingemaliza maneno. Lakini ufundi wa picha, uliotangazwa Paris mwaka 1839, ulikuwa bado mchanga, na hata kama Rebmann angekuwa na kamera, bamba la wakati ule lingezidisha shaka juu yake badala ya kumtetea.

Sababu iko kwenye rangi. Mabamba ya mwanzo yaliathiriwa na mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana kwa macho, lakini mwekundu na wa manjano hayakuushika kabisa. Kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe pichani, na theluji nayo nyeupe, hata mpaka kati ya mlima na mbingu ukapotea. Miamba ya kahawia iligeuka myeusi kama wino. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye vivuli. Siku ya jua, kivuli juu ya theluji hupata mwanga wake kutoka angani, na mwanga huo ni wa buluu. Jicho linakiona kivuli bila shida. Bamba lilikiona kama mahali pengine penye mwanga mwingi, likakifuta. Na theluji isiyo na kivuli haina umbo: haina bonde, haina mgongo wala nyayo. Inabaki kama karatasi tupu.

Hilo halikuwazuia watu kujaribu. Mwezi Julai 1861, Mfaransa Auguste-Rosalie Bisson alifika kilele cha Mont Blanc akiwa na wapagazi 25, hema la giza, vioo na dawa zake. Siku hizo bamba lilipakwa dawa likiwa bichi, likapigwa picha na kusafishwa kabla halijakauka. Maji ya kuoshea hayakuwepo kule juu, kwa hiyo theluji iliyeyushwa juu ya taa. Kutokana na kazi yote hiyo, zilipatikana negativu tatu tu zilizofaa.

Mlango ulifunguliwa Berlin mwaka 1873. Mkemia Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi fulani ndani ya dawa yake, huanza kuuona mwanga wa kijani na wa manjano. Katika miaka ya 1880 mabamba ya aina hiyo yalianza kuuzwa, na wapiga picha wa milimani wakapata silaha rahisi: kipande cha kioo cha manjano mbele ya lenzi. Chujio hilo huzuia sehemu ya mwanga wa buluu. Anga hukolea, kivuli hukolea, na theluji hupata mwili.

Wakati huohuo, kijana mkulima wa Jericho, jimbo la Vermont nchini Marekani, alikuwa akipigana na weupe uleule kwa udogo wake. Tarehe 15 Januari 1885, Wilson Bentley alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini. Alifanya kazi kwenye chumba kisicho na moto, akibana pumzi ili chembe isiyeyuke, akiielekeza hadubini kwenye mwanga wa dirisha. Lakini mwanga uliopita kwenye chembe na uliopita kando yake ulikaribiana mno, na nyota ile ya barafu ilizama ndani ya weupe unaoizunguka. Bentley alichukua nakala ya negativu, akakaa na kisu kidogo, akakwangua dawa yote iliyokuwa nje ya umbo, pembe kwa pembe. Alipochapa picha, nyuma palitoka peusi na chembe ikasimama peke yake. Hadi kufa kwake Desemba 1931 alikuwa amepiga picha za chembe zaidi ya 5,000.

Mmoja wa waliouleta ufundi huu kwenye theluji ya Afrika alikuwa Mwitaliano Vittorio Sella, mzaliwa wa Biella mwaka 1859. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha upigaji picha mwaka 1856, na ami yake Quintino ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Mtoto aliyekulia kati ya dawa za picha na kamba za kupandia alikuwa na njia iliyonyooka. Mwaka 1906 alijiunga na msafara wa Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, kwenda kwenye milima ya Rwenzori.

Waliteremka Mombasa, wakapanda reli hadi Port Florence, mji unaoitwa Kisumu leo, wakavuka ziwa hadi Entebbe, kisha wakatembea hadi Fort Portal. Huko juu wapagazi Wabakonzo walibeba mizigo hadi Bujongolo, kambi iliyojengwa chini ya mwamba ulioinama. Wabakonzo hawakuhitaji kubishana na mtu kuhusu theluji, kwani wanayo kwenye jina la nchi yao: Rwenzururu, mahali pa theluji. Tarehe 18 Juni Duki alisimama juu ya kilele alichokiita Margherita, mita 5,109.

Kwa Sella, kilele kilikuwa nusu ya kazi. Rwenzori hufunikwa na ukungu sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu ni adui wa pekee kwa mpiga picha wa theluji. Unatawanya mwanga kila upande, vivuli vinakufa, na mtu aliyesimama juu ya barafu hawezi kujua hatua tano mbele yake kuna mteremko au tambarare. Hakuna chujio linaloweza kuleta kivuli ambacho hakipo. Ilimbidi Sella apande na kamera yake nzito, aisimamishe kwenye baridi, angoje mawingu yafunguke, na yakifunguka awe tayari kwa dakika chache za jua. Picha alizorudi nazo zinaonyesha barafu iliyoning'inia kingoni kama mikungu, mpasuko mmoja mmoja, na mahali hasa ambapo barafu inaishia na mwamba unaanza.

Rangi ilipofika, kivuli kilileta kesi mpya. Mwaka 1907 ndugu Lumière walianza kuuza mabamba ya rangi yaliyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu. Hayo pia yalihitaji chujio la manjano, la sivyo kila kitu kingeelekea buluu. Njia nyingine ya rangi, iliyoitwa Paget, ilisafiri hadi Antaktika na Frank Hurley kwenye meli ya Endurance. Meli ilipopondwa na barafu mwaka 1915, Hurley na kiongozi wake Ernest Shackleton walikaa juu ya theluji wakachagua mabamba kama 120 ya kubaki nayo, wakavunja mengine yapatayo 400. Baadhi ya yale ya rangi yalisalimika.

Waliotazama picha za rangi za theluji walishangaa kuona vivuli vya buluu. Havikuwa kosa. Mshairi Goethe alikwisha kuviandika katika kitabu chake cha nadharia ya rangi mwaka 1810, akikumbuka jioni ya baridi kwenye milima ya Harz ambapo vivuli juu ya theluji vilibadilika kutoka zambarau hadi buluu, na jua lilipokaribia kuzama vikawa kijani. Ubongo huisawazisha rangi hiyo bila mtu kujua, lakini filamu haina ubongo. Ndiyo maana wapiga picha wa filamu za rangi walizoea kuvaa kwenye lenzi chujio lenye waridi hafifu, ili kuupunguza ubuluu bila kuumaliza.

Kipimamwanga kilileta mtego wa mwisho. Kile cha kampuni ya Weston kilianza kuuzwa mwaka 1932, na kila kipimo cha aina hiyo kina dhana moja: kinachopimwa kina ung'avu wa wastani, kama majivu. Kadi ya kijivu wanayoitumia mafundi hurudisha asilimia 18 ya mwanga, ilhali theluji mbichi hurudisha asilimia 80 au zaidi. Aliyekitii kipimo alirudi nyumbani na theluji ya rangi ya majivu.

Mpiga picha Ansel Adams wa California alilijua hilo kabla ya kuwa na kipimo. Tarehe 10 Aprili 1927, mbele ya jabali la Half Dome lililozungukwa na theluji, alibakiwa na mabamba mawili. La kwanza alilipiga kwa chujio la manjano, kisha akahisi anga haitatoka kama alivyoiona moyoni. La pili akalipiga kwa chujio jekundu lililokolea. Anga ikatoka karibu nyeusi, na theluji ikang'aa. Miaka kama kumi na miwili baadaye, pamoja na Fred Archer, aligeuza hisia ile kuwa hesabu ya ngazi 11 kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu. Kipimo hukiweka unachokipima kwenye ngazi ya kati, kwa hiyo theluji inayopaswa kuonyesha chembe zake hupandishwa ngazi mbili hadi tatu juu ya hapo.

Hesabu hiyo haijabadilika. Simu mfukoni mwa mpandaji anayefika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, alfajiri bado huisogeza theluji kuelekea kijivu. Ndiyo maana anayejua hugusa kioo na kukipandisha kialama cha jua kabla ya kupiga. Simu hiyo pia bado hujaribu kuusafisha ubuluu wa vivuli, na ikiuondoa wote alfajiri inakosa baridi yake.

Picha za Sella zimepata kazi ambayo yeye hakuifikiria. Kwa kuwa ukingo wa barafu unasomeka ndani yake, watafiti huzitumia kulinganisha Rwenzori ya 1906 na ya leo. Barafu iliyokuwa imetanda zaidi ya kilomita za mraba 6 ilibaki kama kilomita moja ya mraba kufikia 2003, na imeendelea kupungua. Wapiga picha wanaosimama tena palepale aliposimama wanapata jua lilelile na ukungu uleule. Lakini katika sehemu nyingi, kivuli ambacho yeye alikishika juu ya theluji sasa kinaangukia mwamba mtupu.