Trimu ya mabawa: namna avioni ndogo inazuiwa isilalie upande mmoja

Hapa Bunia, watu wanapanda avioni ndogo sababu barabara nyingi za Ituri ni ndefu, mbovu, ao ziko na hatari. Lakini wasafiri wachache wanajua ya kama avioni, sawa kinga yenye kubebeshwa makala, inaweza kulalia upande mmoja.

Inatoka wapi?

Mafuta ya avioni ndogo mara nyingi yanakaa ndani ya mabawa. Litre moja ya esanse ya avioni iko na uzito wa karibu kilo 0.72. Kama tangi la kushoto limezidi la kuume kwa litre 50, ile ni kilo 36 upande mmoja. Mara ingine piloti yuko peke yake kwenye kiti cha kushoto, ao bawa lilifungwa bila kunyooka vizuri.

Piloti anaweza kurudisha usawa kwa mkono. Lakini kushika usukani kwa nguvu saa mbili, ndani ya mawingu, kunachokesha, na mtu mwenye kuchoka anakosea. Trimu ndiyo inapumzisha mkono.

Njia zinazotumika

Wanaojijengea avioni nyumbani, sawa wale wa RV za kampuni Van's Aircraft ya Marekani, wako na njia tatu.

1. Kibati kidogo nyuma ya aileroni, ni kusema sehemu ya bawa yenye kupanda na kushuka ili avioni igeuke. Kama bawa la kushoto ni zito, kibati chake kinakunjwa kidogo juu. Upepo unasukuma aileroni chini, bawa linapanda. Ni bei ndogo na hakiharibiki upesi, lakini huwezi kukibadilisha angani.

2. Risori zenye kuvuta usukani, na mkono mdogo wa kuzikaza ao kuzilegeza. Ni nyepesi, zinabadilishwa angani, na piloti anazishinda kwa mkono wake kama kuna shida.

3. Mota ndogo ya umeme yenye kusogeza kibati. Unabonyeza tu. Lakini kama kifungo kinakwama, mota inaendelea kukimbia; lazima kuwe swichi ya kukata umeme.

Mbele ya kuchagua, fundi anyooshe kwanza mabawa na flapu. Trimu haiponyeshi bawa lililofungwa vibaya. Hapa RDC, usalama wa anga unasimamiwa na AAC. Avioni ya nyumbani hairuki bila ruhusa.

Na zile tunazopanda?

Cessna Caravan, yenye kuonekana sana Bunia, iko na trimu yenye kusogeza kibati cha aileroni ya kuume. Hata hivyo, tofauti ya mafuta kati ya mabawa haipaswi kupita karibu kilo 90. Cessna 206 haina trimu hiyo: piloti wake anategemea mafuta na mizigo kupangwa sawasawa.

Ndiyo maana wanakupima pamoja na mzigo wako. Anayeficha kilo kumi ndani ya koti anamdanganya piloti kwenye hesabu yake. Na kama unaambiwa uhame kiti, hama. Haiko dharau, ni uzito unatafutiwa mahali pake.