Injini kugonga mlimani: Tambua chanzo kabla ya kuifungua

MADEREVA wanaosafiri kutoka Masasi kwenda Newala wanajua mahali ambapo gari kuukuu huanza kulalamika. Mji wa Masasi uko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Mto Ruvuma. Anayetoka Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba hupanda taratibu, kwa sababu uwanda huo umeinamia upande wa bahari. Anayetoka Masasi hukabiliana na ukingo wa magharibi, ambao ni mkali, na hapo ndipo gari lenye umri mkubwa, likiwa limebeba abiria na mizigo, hutoa mlio ambao haukusikika kwenye tambarare.

Katika lugha ya gereji, injini ya namna hiyo “inanoki”. Tatizo ni kwamba neno hilo moja hutumiwa kwa maradhi mawili yasiyofanana. La kwanza ni mafuta kuwaka vibaya ndani ya silinda, na mara nyingi tiba yake haina gharama kubwa. La pili ni vyuma vilivyochakaa na kuanza kugongana, ambavyo havina tiba isipokuwa kuifungua injini. Anayeyachanganya maradhi haya hupata hasara kwa njia mbili: ama hufungua injini ambayo haikuwa na ubovu wa kufunguliwa, ama huendelea na safari hadi konrodi ikatike na kutoboa ubavu wa injini.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa mkulima aliyenunua gari la mtumba kwa fedha za korosho, kosa moja la uchunguzi laweza kumeza mapato ya msimu mzima. Kwa dereva anayempeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda usiku, laweza kumaanisha kukwama njiani pasipo msaada.

Kinachotokea ndani ya silinda

Katika injini ya petroli, pistoni hukandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha plagi hutoa cheche. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda, ukiisukuma pistoni chini kwa nguvu inayoongezeka taratibu.

Injini inapogonga kwa sababu ya mafuta, sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo. Mlipuko huo wa ghafla hutikisa kuta za silinda, na mtikisiko huo ndio mlio unaosikika. Ukiwa mdogo na wa mara chache, madhara yake si makubwa. Ukiachwa uendelee kwa muda mrefu, hutoboa pistoni, huvunja ringi na kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka hupimwa kwa kipimo cha okteni. Petroli ya kawaida nchini Japani, ambako magari mengi ya Tanzania yametoka, hutakiwa kuwa na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Kwa hiyo gari lililoundwa kutumia petroli ya kawaida ya huko halitakiwi kugonga likiwekewa petroli safi, hata likipanda mlima. Likigonga, ama mafuta si safi, ama injini yenyewe ina kasoro.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Unahitaji sikio, na mlima wenyewe.

Mlio wa mafuta ni mwepesi na mkali, mithili ya misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Husikika pale dereva anapokanyaga mafuta sana huku gia ikiwa kubwa na mwendo ukiwa mdogo. Akiachia mafuta kidogo, au akishusha gia na kuiacha injini izunguke kwa wepesi, mlio hupungua au hukoma mara moja.

Mlio wa beringi za konrodi ni mzito na wa chini, kama nyundo inayogonga gogo kutoka ndani. Hufuata mzunguko wa injini: ukiongeza kasi, nao huongeza kasi. Hausubiri mlima. Husikika hata gari likiwa limesimama, hujitokeza zaidi unapoongeza mafuta kidogo kisha ukaachia, na huwa mbaya zaidi injini ikipata moto na oili ikiwa nyepesi. Taa ya oili ikiwakawaka kwenye dashibodi sambamba na mlio huo, zima injini papo hapo.

Ipo milio mingine inayowatisha watu bila sababu kubwa. Pistoni iliyolegea kidogo hugonga asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza ikipata joto. Tapeti zilizolegea hutoa mlio mwepesi wa kutatarika unaotoka juu ya injini. Bati la kukinga joto la eksozi lililolegea, au mpira wa kushikilia injini uliokatika, huweza kumdanganya hata fundi. Mwenye gari la dizeli naye akumbuke kwamba injini yake hugonga kwa maumbile, kwani mafuta yake huwaka kwa mgandamizo bila plagi. Kwake jambo la kuchunguza ni mlio uliobadilika.

Fundi mwenye shaka hutumia kipimo cha silinda moja moja. Injini ikiwa inanguruma, huondoa umeme wa plagi ya silinda moja kwa kifaa chenye kinga, au huchomoa plagi ya umeme ya injekta ya silinda hiyo, kisha husikiliza. Mlio mzito ukipungua sana silinda fulani inapozimwa, konrodi ya silinda hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kazi hii asiifanye mtu asiyeizoea, kwani umeme wa plagi ni mkali.

Anza na mafuta

Ikiwa dalili zinaelekeza kwenye uwakaji wa mafuta, swali la kwanza ni hili: petroli ya mwisho ilinunuliwa wapi?

Watanzania wanalikumbuka vyema neno “kuchakachua”. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa yakitozwa ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na mafuta hayo ili kujipatia faida. Mwezi Septemba 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba katika mafuta yaliyolipiwa kodi, ili mafuta yaliyochanganywa yatambulike kwa vipimo. Katika bajeti ya mwaka 2011/12, Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho.

Kwa injini, ubaya wa mafuta ya taa ni kwamba okteni yake ni ndogo mno. Kiasi kidogo tu kikiingia kwenye petroli, mchanganyiko hulipuka mapema, na mlimani ndiko huonekana kwanza. Hali ni hiyo hiyo petroli inapochanganyika na dizeli ndani ya dumu lililotumika kwa vyote viwili. Anayenunua petroli ya chupa kijijini, mbali na kituo chenye leseni, hana njia ya kujua dumu hilo lilibeba nini jana.

Kipimo cha haraka ni kudondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi, mbali kabisa na moto. Petroli safi hukauka baada ya muda mfupi bila kuacha doa la mafuta. Doa likibaki, kuna sababu ya kutilia shaka. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini chatosha kumfanya dereva ajaze petroli ya kituo kinachoaminika kabla ya kumlipa fundi. Weka mafuta hayo, pandisha mlima ule ule kwa mzigo ule ule, kisha linganisha. Mlio ukitoweka, jibu limepatikana.

Joto, taimingi na masizi

Mlio ukibaki licha ya kubadilisha mafuta, hatua inayofuata ni joto. Injini yenye joto kupita kiasi hugonga hata ikipewa petroli nzuri. Kagua kiwango cha maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, kisha feni, themostati, mipira na kifuniko cha rejeta. Newala ni mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na shida ya maji, kwani mvua huzama chini kabisa ya udongo wa kichanga wa uwanda huo. Dereva asitarajie kuyapata njiani kila anapoyahitaji. Aondoke na rejeta iliyojaa maji safi yenye dawa ya kupozea, na dumu la akiba. Kamwe asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Baada ya joto hufuata taimingi, yaani wakati ambapo cheche hutolewa. Cheche ikitangulia mno, pistoni hukutana na mlipuko ingali inapanda. Katika magari yenye distribyuta, kosa hili hutokea kwa urahisi baada ya matengenezo, na baadhi ya mafundi huisogeza distribyuta kwa kusikiliza tu ili gari “lichangamke”. Taimingi hupimwa kwa taa maalumu. Katika injini za Toyota za 4A-FE na 5A-FE zenye distribyuta, zilizofungwa katika Corolla nyingi, kipimo ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa na joto lake la kawaida na isipokanyagwa mafuta. Sharti matundu ya TE1 na E1 kwenye kiunganishi cha uchunguzi yaunganishwe kwanza. Yasipounganishwa, kompyuta ya gari huendelea kubadilisha taimingi, na namba inayosomeka huwa ya uongo.

Kagua pia plagi. Plagi ya daraja lisilofaa hubaki na joto jingi na kuwasha mafuta kabla ya cheche. Hewa inayopenya kwenye mipira iliyopasuka baada ya chujio, au injekta zilizoziba, hupunguza mafuta katika mchanganyiko na kuongeza joto. Gari lenye kihisio cha kugonga likaguliwe waya zake, kwa sababu kihisio hicho ndicho huiambia kompyuta irudishe cheche nyuma.

Hatimaye kuna masizi. Vumbi la barabara linapopita kwenye chujio bovu hula ringi na kuta za silinda. Oili huanza kupanda na kuungua, na masizi yake huganda juu ya pistoni. Yakizidi, hupunguza nafasi ya mgandamizo na kubaki yakiwaka kama kaa. Moshi wa bluu kwenye eksozi na oili inayopungua kila wiki ni dalili zake. Kuyasafisha masizi huleta nafuu, lakini ringi zilizochakaa zitayarudisha.

Kama ni chuma

Dalili zikielekeza kwenye beringi, safari imekwisha. Gari livutwe. Kuliendesha “mpaka nyumbani tu” hugeuza kazi ya beringi kuwa ununuzi wa injini.

Fundi aanze kwa kupima oili kwa kijiti, kisha presha yake kwa geji. Oili imwagwe kupitia kitambaa cheupe: vipande vinavyong'aa vya rangi ya fedha au shaba ni ushahidi wa beringi kulika. Baada ya hapo sampo hushushwa na beringi hukaguliwa. Krenki hupimwa kwa maikromita, si kwa kidole. Ikiwa imechimbika, huchongwa na kufungiwa beringi nene zaidi, kwa kawaida za hatua ya milimita 0.25 au 0.50. Njia za oili zisafishwe, na pampu pamoja na chujio la sampo vikaguliwe. Kubadilisha beringi bila kuondoa sababu ya oili kukosekana ni kulipia ugonjwa ule ule mara mbili.

Wapo wanaochagua kununua injini ya mtumba. Wakumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayo yafikishwe Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kwa anayenunua gari

Muuzaji mjanja huweza kuuficha mlio kwa kumimina oili nzito au dawa ya kuizidishia uzito. Dawa hizo hazirudishi chuma kilicholika. Mnunuzi aombe kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa, aguse injini kuhakikisha ni baridi, asikilize linavyowaka, kisha aliendeshe hadi lipate moto kamili. Baada ya hapo alipandishe mlima likiwa na mzigo. Muuzaji akikataa safari hiyo, mnunuzi ana sababu ya kutosha ya kubaki na fedha zake.

Kwa mwenye gari tayari, kanuni ya kushika ni fupi. Mlio unaokoma ukiachia mafuta unakupa muda wa kuchunguza petroli, joto, taimingi na masizi, kwa mpangilio huo. Mlio mzito usiokoma haukupi muda wowote. Zima injini pale pale, hata kama taa za Newala zimeshaonekana.