Ulezi Ulivyohamia Kwenye Pipa la Mbege

Ukiingia soko la Mbuyuni mjini Moshi, mikungu ya ndizi ndiyo inayokupokea, na mgeni huondoka akiamini kuwa Mchagga na mgomba waliumbwa siku moja. Sivyo. Asili ya ndizi ni Asia ya Kusini Mashariki na Papua Guinea Mpya. Ilivuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Mreno. Magimbi yanayostawi kando ya mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, nayo ni ya Asia. Mahindi yalizaliwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na viazi mviringo vilitoka milima ya Andes. Mwenyeji halisi ni ulezi, nafaka iliyoanza kulimwa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Na mwenyeji huyo ndiye aliyepokonywa shamba.

Ndizi ilikwishajipatia makao ya kudumu. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, migomba ilikuwa tayari imezizingira nyumba. Udongo wa volkano, maji ya mfongo na samadi ya ng'ombe wa zizini viliwezesha kihamba, shamba linaloizunguka nyumba, kuzaa kizazi hadi kizazi bila kupumzishwa. Ng'ombe naye akalishwa majani na mashina ya mgomba ule ule.

Fahari ya Kilimanjaro na Meru ni mshare, ndizi ndefu ya kupika. Wataalamu wa vinasaba wamegundua kwamba jamaa zake wa karibu ndio waliochangia sehemu kubwa ya uzao wa Cavendish, ndizi mbivu inayojaza maduka ya Ulaya na Marekani. Mzungu anayemenya ndizi London anakula mpwa wa mshare, wala hana habari!

Mshare ndiyo ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nao huanza kwa mikono kuchafuka. Utomvu wa mshare hung'ang'ania vidoleni na kuacha weusi, kwa hiyo mpishi hujipaka mafuta kwanza, na kila ndizi iliyomenywa hutumbukizwa majini isibadilike rangi. Huchemshwa na nyama ya ng'ombe mpaka ilainike, kisha hupondwa kwa mwiko hadi iwe nzito na laini. Kumpa mama aliyejifungua chakula hiki si mila tupu. Ndizi mbichi ina wanga na potasiamu ya kutosha, lakini protini yake haifiki gramu 2 katika gramu 100. Nyama ndiyo inayoziba pengo.

Ulezi, kwa upande wake, ulilimwa mteremkoni chini ya vihamba, kwenye mashamba yaliyonyweshwa kwa mifongo. Kazi yake ni ngumu. Magugu yanafanana nao ukiwa mchanga, na suke likikomaa liko wazi kwa kila ndege apitaye, hivyo lazima mtu ashinde shambani akiamia. Hindi, kinyume chake, limefunikwa maganda yake. Kisha wamisionari wa Kilema wakaleta kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933. Fedha ikaingia, watoto wakaenda shule. Nadhani hapo ndipo ulezi ulipokosa wa kuamia ndege. Mahindi yakatwaa mashamba ya tambarare, ugali ukaingia jikoni.

Kilishe tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, ilhali mahindi hayafiki hata 20. Ulezi umebaki hai kwa sababu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haikubali mbadala: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, zikakolezwa uchungu kwa gome la msesewe, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Wapikaji wa pombe, bila kusomea lishe, ndio waliotunza ufundi bora wa kuiandaa nafaka hii. Kuloweka na kuotesha hupunguza kemikali zinazozuia mwili kufyonza madini, na uji wa kimea huwa mwepesi kwa mtoto kumeza bila kuongezewa maji mengi.

Siku hizi ulezi umerudi madukani ndani ya pakiti za unga wa lishe, bei yake ikiwa juu ya sembe. Mama wa Kibosho au Rombo anaununulia mwanawe, huku ule wa mbege ukishushwa kwa magunia kutoka mikoa mingine.