Neno "Bomba" na Safari Yake Hadi Endabash

Leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia neno. Lakini usifunge kitabu, kwani neno lenyewe hulibeba mgongoni kila msimu wa kupiga dawa, na kuna mahali ambapo kutolielewa vizuri humtia mkulima hasara ya msimu mzima. Neno hilo ni bomba.

Hebu simama Endabash siku ya mnada, usikilize tu. Mama anasema anakwenda bombani, maana yake kuchota maji. Kijana mwenye shamba la mbaazi anatafuta bomba la kuazima, naye anataka kile chombo cha mgongoni cha kupulizia dawa. Mfugaji anamwuliza bwana mifugo kama amekuja na bomba, na hapo linatakiwa bomba la sindano. Dereva wa lori lililopanda na vitunguu kutoka Mang'ola analalamika kwamba bomba la moshi limekatika njiani. Na vijana wa pembeni wanasifu viatu vya mwenzao: "Viatu bomba!" Watu watano, neno moja, mambo matano, na hakuna hata mmoja aliyekosea Kiswahili.

Tena fikiria ni mahali gani hapo. Wilaya ya Karatu ni mahali ambapo lugha za asili tofauti kabisa zimekutana. Kuna Kiiraqw, kuna Kidatooga, kuna Kihadzabe kule upande wa Ziwa Eyasi, na Kimasai upande wa Ngorongoro. Maji, ambayo ni kitu cha kwanza cha kila mwanadamu, kila mmoja anayo kwa jina lake: Mwiraqw huyaita ma'ay, Mmasai huyaita enkare. Lakini kile chombo kinachoyaleta maji, wote siku hizi wanakiita bomba. Maji yalikuwapo tangu kale, kwa hiyo kila watu waliyapa jina lao. Chombo kilikuja baadaye kikiwa tayari na jina, na jina hilo lilikuja kwa meli.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno wakarudi na manowari chini ya Francisco de Almeida, wakaiteka Kilwa na kuipora Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na wakakaa humo hadi mwaka 1698, Waarabu wa Oman walipowatoa baada ya kuwazingira kwa muda wa miaka karibu mitatu. Utawala wao pwani haukuacha mema mengi ya kusimulia. Uliacha maneno. Meza ni la kwao, na leso, na bendera, na karata, na nanasi. Gereza nalo ni la kwao, ingawa kwao maana yake ni kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa jela midomoni mwa watu wa pwani, ukiitazama ngome ile utaelewa mwenyewe.

Sasa, katika maneno hayo kuna kikundi kidogo cha maneno ya ufundi. Parafujo, ule msumari wa kuzungusha ambao mafundi wengi siku hizi wanauita skrubu, limetokana na parafuso la Kireno. Roda, lile gurudumu dogo ambalo kamba ya tanga hupita juu yake, ni roda hiyo hiyo ya Kireno, maana yake gurudumu. Na bomba ni bomba. Halikubadilika hata herufi moja.

Kwa nini maneno haya na si mengine? Kwa sababu yote yalikuwamo melini. Kila chombo cha mbao huvuja. Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa wakiyafua maji kwa upo, yaani kuyachota chini ya chombo na kuyamwaga baharini, usiku na mchana. Meli za Wareno zilikuwa na kina kirefu zaidi, na ndani yake walisimamisha mti uliotobolewa katikati kama mwanzi mkubwa, mkono juu na kizibo ndani. Mtu anapandisha na kushusha mkono, maji yanapanda juu ya sitaha. Hicho ndicho kilichoitwa bomba. Jina lilikuwa la kitu kizima: mti wenye tundu pamoja na kazi yake ya kuvuta.

Na hapo ndipo penye siri ya maana zake nyingi. Waholanzi wa zamani nao walikuwa na neno pompe, na kwao lilikuwa na maana ya mfereji au mwanzi wa mbao wa kupitishia maji. Wajerumani wa pwani ya kaskazini wakalitumia neno hilo hilo kwa chombo cha kuvutia maji. Waingereza wakalipata kwa mabaharia hao katika karne ya 15, wakasema pump. Wafaransa husema pompe. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba chanzo chake ni kuiga sauti tu, ule mlio wa kizibo kinapopiga ndani ya mti: pomp, pomp, bomb, bomb. Basi unapomsikia mtu akiliita jina moja ile paipu ya chini ya ardhi na ile mashine inayosukuma maji, usimcheke. Mabaharia wa Ulaya walifanya hivyo hivyo miaka zaidi ya 500 iliyopita.

Kireno chenyewe kina bomba mbili, moja ya maji na nyingine ya baruti. Ile ya baruti inatokana na Kigiriki cha kale, bombos, maana yake mvumo au ngurumo. Sisi tumezitenganisha: ya maji tumeiita bomba, na ya vita tumeiita bomu, neno tulilolipata kwa Waingereza. Nadhani hapo Waswahili tulifanya vizuri kuliko wenye neno.

Neno hili lilikwenda mbali kuliko Mombasa. Mwaka 1511 Wareno waliiteka Malaka, katika nchi inayoitwa leo Malaysia. Ukifika huko ukaona gari kubwa jekundu limeandikwa BOMBA ubavuni, usidhani limebeba paipu. Hilo ni gari la zimamoto. Wahispania na Wareno nao huwaita wazima moto watu wa bomba, na Wafaransa vivyo hivyo kwa neno lao. Na hawakukosea, kwa maana katika kazi za mwanzo kabisa za chombo hiki ilikuwamo kuzima moto. Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyekibuni ni Ktesibio wa Aleksandria, nchini Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alitumia silinda mbili za shaba na vizibo viwili vinavyopishana, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Kwa hiyo chombo chenyewe kilizaliwa Afrika, ingawa jina lake lilitungwa baharini kwa watu wengine.

Tukirudi kwetu. Walipokuja Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walileta mashine zao na neno lao, nasi tukalipokea: pampu. Hivyo neno lile lile limetufikia mara mbili kwa njia mbili, mara ya kwanza kwa tanga na mara ya pili kwa injini. Kiswahili hakikutupa hata moja, kikayagawia kazi. Pampu ikawa ile mashine yenye injini au mota. Bomba likabaki kuwa paipu, mfereji wa kijijini, chombo cha mgongoni, sindano, na hata bomba la mafuta la TAZAMA, la kilomita 1,710, lililokamilika mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola, Zambia.

Kwa watu wa vijijini neno bomba lilipata uzito mwingine mwaka 1971. Mwaka huo serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya meta 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo halikufikiwa. Mabomba mengi yalikauka kwa kukosa dizeli, vipuri na mafundi. Lakini umbali ule wa meta 400 haukufutwa. Umo pia katika Sera ya Maji ya mwaka 2002. Mama anayesema "nakwenda bombani" huku akipita korongo mbili na ndoo kichwani anatumia neno la mpango ule, bila ya meta zake.

Sasa twende shambani. Nimesema bomba ni kuvuta. Wakulima wa umwagiliaji huko chini Eyasi, na wewe wa Endabash unayefikiria kununua pampu ya petroli kwa ajili ya bustani, sikilizeni jambo hili moja. Pampu haivuti maji kama ng'ombe anavyovuta plau. Inaondoa hewa ndani ya paipu, kisha uzito wa hewa iliyoko nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Hata bomba liwe zuri namna gani, haliwezi kuyanyonya maji kwa zaidi ya meta 10 hivi. Mafundi wa Italia walikuwa wakihangaika na jambo hili, mpaka Torricelli, mwanafunzi wa Galileo, alipoeleza sababu yake kwa jaribio lake la zebaki katika miaka ya 1640. Hewa ina uzito, na uzito huo una kikomo.

Na hizo meta 10 ni za pwani. Sisi tuko juu, na juu hewa ni nyepesi. Ziwa Eyasi liko karibu meta 1,030 juu ya usawa wa bahari, na huko kikomo kwa hesabu ni meta 9 hivi. Karatu mjini, kwenye meta 1,500 hivi, kinashuka kufikia 8 na nusu. Hapo bado hatujatoa kinachopotea kwenye viungo na kwenye paipu yenyewe. Basi usitegemee zaidi ya meta 6 kutoka uso wa maji hadi mahali pampu ilipokaa. Watu wengi huiweka pampu juu ukingoni, karibu na shamba, ili waione. Injini inanguruma, mafuta yanakwisha, maji hayaji, lawama zinaangukia pampu. Ishushe karibu na maji. Kusukuma kwenda juu inaweza sana. Kunyonya ndiko kwenye kikomo.

Limebaki bomba la mgongoni, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Chombo hiki kina asili yake katika mashamba ya zabibu ya Ufaransa. Mwaka 1882, katika wilaya ya Médoc, Profesa Millardet aliona mizabibu ya kando ya barabara imebaki na majani mabichi, wakati ile ya ndani imeteketea kwa ukungu. Wenye mashamba walikuwa wameipaka mrututu na chokaa, si kwa kutibu ugonjwa, bali ili wapita njia waogope kuiba zabibu. Mwaka 1885 akatangaza dawa hiyo, na wakulima wetu wa kahawa wanaijua hadi leo. Mwanzoni waliinyunyiza kwa vifagio. Ndipo mafundi kama Vermorel walipotengeneza tangi la kubeba mgongoni, lenye mkono wa kupigia upepo. Wafaransa hawakuliita bomba. Jina hilo tumelipa sisi, na tulilitazama kwa jicho la fundi, maana ndani yake mna kizibo na silinda kama za Ktesibio.

Lakini wakulima wakaongeza maana moja zaidi, na hii haimo katika kamusi nyingi. Bomba limekuwa kipimo. "Nimepiga bomba nane." "Dawa hii vifuniko viwili kwa bomba." Jirani anamwambia jirani, mwenye duka anamwambia mnunuzi, na kila mtu anatikisa kichwa kuwa ameelewa. Bomba gani? Yako mabomba ya lita 15, ya lita 16, ya lita 20, na kwa mbali yanafanana kama mapacha.

Tuseme karatasi ya dawa inataka mililita 40 kwa lita 20 za maji. Hiyo ni mililita 2 kwa kila lita. Ukizimimina hizo 40 katika bomba la lita 16, kila lita inapata mililita 2 na nusu, yaani umezidisha robo. Fedha inapotea, majani yanaweza kuungua, na sumu inayobaki kwenye mboga inaongezeka. Geuza upande wa pili: karatasi inataka mililita 30 kwa lita 15, nawe una bomba la lita 20. Sasa kila lita ina mililita 1 na nusu tu. Viwavi wa mbaazi wanaugua wasife, thiripi wa vitunguu wanabaki, na wale waliobaki ndio wanaozaa. Baada ya misimu michache unasikia watu wakisema dawa ile siku hizi ni feki. Mara nyingine ni feki kweli. Mara nyingine ni bomba.

Chukua chupa ya maji unayoijua ujazo wake, ujaze bomba lako ukihesabu chupa hadi kwenye mstari, kisha andika idadi ya lita ubavuni kwa rangi isiyofutika. Usipulizie dawa ya wadudu kwa bomba ulilotumia kwa dawa ya magugu. Na mwenye duka akikwambia "kwa bomba moja", mwulize la lita ngapi kabla hujatoa fedha.