Kujizuia au dawa? Historia tuliyoisahau Kasongo na Kabambare



Kila mara vijana wa kwetu wanapokutana kuzungumza juu ya uzazi, iwe Kasongo mjini, iwe Kabambare, mazungumzo yanagawanyika pande mbili kama timu za mpira. Upande mmoja unasema: kujizuia tu, ndiyo njia ya mababu na ya Mungu, dawa ni mambo ya wazungu. Upande wa pili unajibu: kujizuia ni hadithi, leteni kapoti na sindano, tumalize. Mimi nilisoma historia. Si daktari, si padri, si shehe, kwa hiyo sitawaambia nani ataingia peponi. Lakini ile hoja ya kwamba mababu walituachia kujizuia na wazungu wakatuletea dawa haisimami ukiangalia miaka. Kwetu mkoloni alivipiga vita vyote viwili.

Tuanze na mababu. Katika sehemu kubwa ya Kongo mama aliyejifungua hakulala na mume wake mpaka mtoto atembee vizuri au aache ziwa. Miaka miwili, hata mitatu. Wazee wetu wa Kikusu, Kizimba na Kibangubangu wanasimulia vilevile. Mara nyingi mama alirudi kukaa kwa wazazi wake. Aliyeshika mimba mapema alisemwa kijijini, maana waliamini mtoto anayenyonya atadhoofika. Waswahili wa pwani wana neno kabisa la jambo hilo: kubemenda. Basi kujizuia kwa mababu kulikuwa ndiyo mpango wao wa uzazi, kwa faida ya mtoto aliye mgongoni. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Bibi zetu walikuwa na hesabu hiyo bila kalamu.

Lakini tuseme ukweli wote. Mara nyingi mume hakujizuia. Alikuwa na wake wengine. Aliyejizuia hasa ni mama. Hilo tulishike, tutalirudia.

Kisha Uislamu ukafika na wafanyabiashara wa pwani. Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu, mpaka jeshi la Dhanis lilipouteka mji Aprili 1893. Dini hiyo ilikuja na mafundisho yake kuhusu uzazi. Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha. Hadithi ya Jabir, iliyo katika Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje, wakati wa Mtume, na hawakukatazwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu azli hata kwa sababu ya kuogopa mzigo wa watoto wengi. Wapo wanazuoni waliopinga, kweli. Ila anayesema Uislamu haujui habari ya kuzuia mimba hajasoma.

Halafu Wabelgiji. Baada ya mpira, ubebaji mizigo wa vita na magonjwa, waliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua. Nani atachimba bati? Nani atalima pamba? Wakaanza kuhesabu vitanda vyetu. Tangu 1910 mwenye wake wengi alilipishwa kodi ya ziada, na baadaye mwenye mke mmoja na watoto wanne akasamehewa kodi. Mwaka 1912 iliundwa ligi ya kulinda watoto weusi, na wanawake wa Kizungu wakawafundisha mama zetu kuwaachisha watoto ziwa mapema. Wamisionari wengi waliona kule kujizuia kwa muda mrefu ni mzizi wa ndoa za wake wengi, kwa hiyo walitaka mama arudi haraka kwa mume. Amri ya 1950 ikakataza kabisa ndoa mpya za wake wengi. Na dawa je? Mwaka 1933 sheria ya kikoloni ilikataza kutangaza na kueneza vifaa vya kuzuia mimba, kama Ubelgiji kwenyewe ilivyokuwa imefanya miaka kumi nyuma.

Ona hesabu hiyo, ndugu yangu. Mama alinyang'anywa kujizuia kwa mababu, na kila kitu kingine kikafungiwa. Ndipo ilipoanza ile mimba juu ya mimba ambayo leo tunaiita "desturi yetu".

Kuna kisa kingine ambacho kila Mkongomani msomi angepaswa kukijua. Katika machafuko ya 1960 masista wa Kizungu walibakwa nchini mwetu. Swali likafika Roma: sista aliye katika hatari hiyo anaweza kumeza vidonge? Mwaka 1961 wanateolojia watatu, Palazzini, Hürth na Lambruschini, walijibu katika gazeti la Studi Cattolici kwamba inaweza kuruhusiwa, maana ni kujilinda dhidi ya unyanyasaji. Miaka saba baadaye, Julai 1968, Papa Paulo VI akatoa Humanae Vitae na kukataza vidonge kwa wenye ndoa, akiwaachia njia ya kuhesabu siku. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikikumbusha kisa hicho cha masista.

Mimi sichezi na mafundisho ya Kanisa. Naangalia jambo moja tu. Masista ni watu waliojizuia kwa nadhiri, mbele ya Mungu. Hata hivyo wanateolojia wenyewe walikiri kwamba nadhiri haimlindi mwanamke ambaye hakuulizwa. Sasa geuza macho uangalie Salamabila, kule Kabambare, ambako vita vya Mai-Mai kandokando ya dhahabu vilileta wanawake wengi waliobakwa mbele ya waganga wa Médecins Sans Frontières. Utamwambia mama yule ajizuie? Na binti wa miaka kumi na sita anayelazimishwa na mwalimu au na mwenye pesa, utampa semina ya usafi wa moyo?

Serikali nayo ilichelewa. Desemba 1972 Mobutu alizungumza juu ya "naissances désirables", mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya taifa, lakini ile sheria ya zamani ilibaki kwenye vitabu. Ni sheria ya afya ya 13 Desemba 2018 iliyosema wazi kwamba mtu aliye katika umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kupanga uzazi. Kutoka 1933 mpaka 2018 ni miaka 85. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wanawake wenye ndoa wanaotumia njia za kisasa ni 8 tu kwa mia, na wamama 846 wakifa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Kujizuia nakuheshimu. Kwa kijana anayesoma, kwa wachumba walioelewana, ni njia nzuri na haina gharama ya duka la dawa. Lakini kunahitaji watu wawili wanaoweza kusema ndiyo na hapana. Kwa mababu ukoo mzima ulimsaidia mama kusema hapana. Alikuwa na nyumba ya kukimbilia. Sisi tumebomoa nyumba ile, halafu tunamdai msichana peke yake abebe kilichokuwa kikibebwa na ukoo. Mvulana haulizwi. Anayehubiri kujizuia bila kumfundisha mvulana, na huku akifunga mlango wa kituo cha afya, asituambie anafuata mababu. Anafuata sheria ya 1933.

Likizo hii mkirudi nyumbani, kaeni na bibi zenu, waulizeni: baada ya kuzaa ulikaa muda gani kwa mama yako, na nani alikulinda? Andikeni majibu yao. Wengi wao ni wazee sana sasa, na habari hiyo haiko katika kitabu chochote cha maktaba zetu.